Kuku Arobaini na Watano Kutoka Mkomaindo Hadi Mnyambe

Nyie mlioko Singida mmeniuliza sana kwenye simu kwa nini tumehama Masasi, na kila mtu namjibu nusu nusu kwa sababu salio linakatika. Sasa naandika yote mara moja, msomeane.

Tumehama kwa sababu Mama amepewa uhamisho. Barua ilifika mwishoni mwa Oktoba: aache shule aliyokuwa anafundisha hapa mjini, akaripoti Mnyambe, wilaya ya Newala, ndani ya siku kumi na nne. Mwalimu hana ubishi na barua. Akachukua begi moja, akapanda gari la abiria, akaenda. Mimi nikabaki Mkomaindo na vitu vyote, nitafute gari la kuvipeleka.

Vitu si tatizo. Tatizo ni kuku. Mama anafuga kuku wa mayai arobaini na watano kwenye banda la nyuma. Majirani wanamtania kwamba Mnyaturu hata umhamishie mwezini, cha kwanza atauliza banda linajengwa wapi. Wacheke tu. Kuku hao walikuwa wanatoa trei moja kila siku, siku nyingine na mayai matano juu yake, na mayai hayo ndiyo yalikuwa yananilipia kozi ya umeme wa majumbani inayoanza Januari. Ada inatakiwa iwe imekamilika kabla ya katikati ya Desemba, na tulikuwa tumebakiza kama theluthi. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi. Kuku wakiendelea kutaga, naenda chuo. Wakisimama, siendi.

Mama aliniambia mlangoni siku anaondoka: "Kabati likivunjika tutapiga misumari. Kuku wakifa, Editha, usinipigie simu mimi. Kipigie chuo."

Jumatano asubuhi nilienda kwanza kwenye ofisi moja ya kuhamisha mizigo karibu na stendi. Ina bango, ina feni, ina dada mwenye muhuri. Akanipa kiti, akaanza kuandika: vitanda viwili, kabati, meza, viti, vyombo. Akasema laki tano na nusu, wanafunga wenyewe, wanapakia wenyewe, wanashusha wenyewe mpaka ndani. Nikamwambia kuna na kuku.

Akaweka kalamu chini. "Kitu chenye pumzi hatubebi, mdogo wangu."

"Wako kwenye matenga."

"Hata wakiwa kwenye bahasha."

Nikaondoka. Laki tano na nusu hatukuwa nazo hata hivyo. Hela ya uhamisho Mama ameshaiomba, lakini ile inakuja kwa mwendo wake, wakati gari unalipa leo.

Mchana wa siku ileile Mama Zaituni, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaniletea mtu wa kwao Chiwata mwenye kenta, lile lori dogo. Anaitwa Baba Shazili. Ni mtu mzima, mwembamba, anatembea na daftari kwenye mfuko wa shati. Nilimwamkia nikidhani atataja bei tuachane. Badala yake akaomba aingie ndani aone mzigo. Akaona chumba kwa chumba. Akainua kona ya kabati kupima uzito. Akaenda bandani, akasimama anawaangalia kuku kama mtu anayeangalia watoto wa shule.

Halafu maswali. Nyumba mnayohamia, gari linafika mlangoni au linaishia barabarani? Mnyambe sehemu gani? Kuna mtu wa kupokea? Kuku watakaa kwenye matenga mangapi? Wana kibali cha afisa mifugo? Kuna zao lolote ndani ya mzigo, korosho, ufuta, mbaazi? Akafungua hadi pipa la chakula cha kuku, akachungulia.

Mimi kusubiri siwezi, mnanijua. Nikamwambia, "Baba, unavinunua hivi vitu au unavibeba?"

Akacheka. "Navibeba. Ningekuwa navinunua nisingeuliza, ningelipa nikaondoka."

Bei yake laki tatu na ishirini, mpaka mlangoni Mnyambe, wapakiaji wake mwenyewe. Lakini Jumamosi kenta ilishachukuliwa. Angekuja Jumapili alfajiri, saa kumi na moja, ili kuku wapande mlima kabla jua halijakaa sawa. Nikamwambia nitampigia. Moyoni nilishamkataa. Jumapili mbali, na yale maswali yalinichosha.

Alhamisi nikapata niliyemtaka. Stendi ya malori nilimkuta dereva anaitwa Hamisi, kijana wa makamo, miwani ya jua, mdomo mtamu. Hapa niwaeleze nyie wa Singida: msimu huu wa korosho malori yanapanda Newala matupu kwenda kubeba korosho kwenye maghala, halafu yanashuka yamejaa. Kwa hiyo anayepanda juu hana mzigo, na ukimpa chochote kwake ni faida ya barabarani.

"Nahamisha vitu vya nyumbani na kuku," nikamwambia. "Newala. Bei gani?"

"Newala? Laki na nusu, sista."

"Lini?"

"Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nipo mlangoni kwako. Chai nikukute nayo."

Basi. Hakuuliza chumba, hakuuliza pipa, hakuuliza kuku wangapi. Nikasema huyu ndiye mtu wa kazi. Nikampa elfu hamsini ya kushikia nafasi. Nikampigia Mama kumwambia nimeokoa karibu laki mbili, akasema, "Mungu akutangulie."

Ijumaa jioni Mama Zaituni akaja kuniaga. Huku mtu haachwi aondoke mikono mitupu, hata kama hujui umpe nini, unampa kilichopo. Kwake kilichopo ni korosho. Ana miti minne uani. Akanimiminia ghafi, na maganda yake, kama debe moja na nusu.

"Mama yako akazikaange huko, asiseme Mkomaindo tulimfukuza," akasema.

"Mama Zaituni, Newala si ndiko zinakotoka korosho?"

"Hizo za Newala ni za Newala. Hizi ni za kwangu."

Nikapokea kwa mikono miwili. Gunia sikuwa nalo, yote yalikuwa yamefungia vyombo. Pipa la chakula cha kuku lilikuwa nusu tupu, nikazimimina humo. Juu yake nikatandika khanga za Mama na mataulo ili nafasi isipotee. Nilijisifu kweli kwa kupakia vizuri.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, nikaanza kukamata kuku. Mama Zaituni alinisaidia. Matenga manne, kuku kumi na moja kila tenga, moja kumi na wawili. Kufikia saa kumi na mbili kamili tumewapanga barazani, vitu vyote nje, mimi nimesimama barabarani na kibali cha afisa mifugo mkononi.

Saa moja hakuna lori. Nikapiga simu. "Nipo njiani, sista." Saa mbili nikapiga. "Nageuza hapa." Saa tatu hakupokea. Jua likafika barazani. Tukahamisha matenga upande wa pili wa nyumba. Mama Zaituni akaketi juu ya godoro langu lililokunjwa, akaniangalia.

"Yule wa Chiwata angekuja kesho," akasema, "na ungekuwa umelala hadi sasa."

Alikuwa sahihi, na mtu akiwa sahihi asubuhi namna hiyo hana haja ya kujibiwa.

Saa nne na nusu Hamisi akatokea, anapiga honi kama bwana harusi. Alikuwa anasubiri karatasi za kupakia ghalani, akasema. Wapakiaji hana, nitafute. Nikawachukua vijana wawili wa mtaani, elfu ishirini. Matenga tukayaweka nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi wapate hewa, pamoja na dumu moja la maji niliyowawekea. Saa tano na robo tukaiacha Mkomaindo.

Barabara ya kutoka Masasi ni nzuri kuiangalia. Ile milima ya mawe inabaki nyuma, mawe matupu yamesimama kama yamesahauliwa na wajenzi, halafu mikorosho pande zote mbili, safu kwa safu, na watu chini yake wanaokota. Nilikuwa mbele na Hamisi. Alinisimulia habari za foleni za maghalani, jinsi mtu anavyoweza kulala chini ya gari siku tatu akisubiri zamu. Nikaanza kumsamehe.

Saa sita kasoro, kabla ya kuanza kupanda, tukasimamishwa kwenye kizuizi cha mazao. Kamba imefungwa barabarani, kibanda cha mabati, mzee mmoja mwenye sare na daftari. Msimu wa korosho vizuizi hivi vinakuwa vikali. Korosho ghafi zinauzwa kwa mnada kupitia chama cha ushirika tu, na wanaozinunua kienyeji kwa wakulima na kuzisafirisha kwa siri wanaitwa kangomba. Mnajua neno hilo? Huku hata mtoto wa chekechea analijua.

"Mmebeba nini?" mzee akauliza.

"Vitu vya nyumbani na kuku," nikasema, nikampa kibali. Akakisoma, akahesabu matenga, akaitikia kwa kichwa. Halafu akapanda nyuma. Akagonga kabati. Akagonga pipa. Akaondoa taulo, akaondoa khanga moja, akaondoa ya pili.

Akaingiza mkono, akatoka na korosho kiganjani.

"Binti. Na hizi?"

"Zawadi," nikasema. "Jirani yangu kanipa."

"Zawadi inafichwa chini ya khanga?"

"Sijaficha, nimefunika!"

"Nieleze tofauti yake, nami nijue."

Hamisi akaruka kutoka kwenye gari, miwani mkononi. Macho yake kumbe ni ya mtu mwenye hofu. "Wewe! Wiki nzima nasubiri zamu ya kupakia, leo unaniwekea kangomba kwenye pipa? Gari likishikwa mimi nakula nini? Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

"Niulize pipa? Mimi dereva au mkwe wako?"

Yule mzee akasema kwa utaratibu kabisa: "Kuku wana karatasi. Korosho hazina. Na zinapanda kwenda wilaya nyingine, labda kuna chama zinakowahi mnada."

Hapo ningenyamaza. Ningesema samahani, mambo yangeisha. Lakini jua lilikuwa utosini na mimi nimeamka saa kumi. Nikasema, "Kwani korosho ni bangi?"

Mzee akafunga daftari. Akashuka polepole, akaenda kukaa kwenye benchi. "Basi tumsubiri mkubwa wangu. Amekwenda kula."

Tulisubiri saa nzima na zaidi. Lori likiwa limesimama hakuna upepo. Nilipanda nyuma kuwaangalia kuku, nikawakuta wote midomo wazi, mabawa wameyaachia, wanahema kwa pamoja, sauti kama msumeno mdogo. Nikawamwagia maji kichwani mmoja mmoja kwa kikombe. Nikawanywesha. Tenga la chini lilikuwa na kuku wawili hawahemi tena. Nikawatoa. Nikawaweka pembeni, nikakaa nao kidogo. Sikulia, lakini nilielewa kwamba pale kizuizini hakuna mtu anayeniua kuku zaidi yangu mimi na mdomo wangu.

Nikashuka. Nikaenda kwenye benchi, nikapiga goti kidogo kama Mama alivyonifundisha.

"Shikamoo, babu. Nimekosa. Niliamka vibaya."

Akaniangalia. "Marahaba. Sasa tunaweza kuongea. Huyo jirani ana simu?"

Nikampigia Mama Zaituni, nikamweka kwenye spika. Kabla sijamaliza kueleza akaanza: "Mwambie huyo mzee ni za kwangu! Miti yangu minne, aje aihesabu! Nimempa mtoto akale na mama yake, sasa na hilo nalo kosa? Mzee wangu, wewe ukihama mke wako hapewi kitu?"

Mzee akacheka mpaka akavua kofia. "Anapewa, mama. Ila hapiti nacho hapa."

Mkubwa wake alipokuja, wakaandika maelezo yangu nusu ukurasa, jina la Mama Zaituni, uzito wa korosho. Korosho zikabaki, zikaandikiwa stakabadhi zipelekwe kwenye chama cha huko zilikotoka. Hakuna aliyetuomba chochote. Wakafungua kamba. Ilikuwa saa saba na nusu.

Kuanzia hapo barabara inapanda. Lori linanguruma, linazunguka kona, na ukitazama nyuma unaona bonde lote limelala, kijivu na kijani, na ile milima ya mawe imekuwa midogo. Hewa inabadilika, inakuwa na ubaridi fulani. Siku nyingine ningeishangilia. Tulipofika juu Hamisi akasema: "Saa nane lazima niwe ghalani. Nikichelewa zamu imepita."

"Ukitushusha Mnyambe si utarudi?"

Akakanyaga breki kidogo. "Mnyambe? Nani kasema Mnyambe? Umesema Newala. Newala ni mjini."

Na kweli nilisema Newala. Sisi nyumbani tangu barua ije tunasema "Mama amehamia Newala", kwa sababu barua imeandikwa wilaya ya Newala. Mtu wa huku ukimwambia Newala anajua umemaanisha mjini penyewe. Mnyambe ni kata nyingine, na njia yake nyingine. Na mdomo wangu nilikuwa nimeshautumia wote kizuizini.

Saa nane na dakika kumi alitushusha mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mjini Newala. Washushaji elfu kumi na tano. Nikammalizia laki yake. Alipopokea alisimama kidogo, akasema, "Sista, wale kuku wawahi." Akaondoka mbio. Sikumchukia. Alifanya alichosema, tatizo nilimwambia machache.

Nilimpigia Mama. Nilianza kueleza, akanikata. "Wamebaki wangapi?"

Nikahesabu. Wanne wengine walikuwa wamelala ubavu, wamekufa. "Thelathini na tisa."

"Kuku kwanza. Vitu mwombe mwenye duka."

Mwenye duka akakubali vitu vikae barazani kwake. Nikapata guta, ile pikipiki ya matairi matatu yenye sanduku nyuma, elfu ishirini na tano kwa safari moja hadi Mnyambe. Matenga manne yakaingia, mimi nikakaa katikati nimeshika mawili kwa kila mkono. Njia ya vumbi jekundu, mikorosho tena, nyumba za bati na kila nyumba ina mfereji wa bati unaoteremka kwenye kisima cha saruji. Mwenye guta akaniambia visima vingi sasa hivi vinakwangua sakafu, mvua haijaanza, ndoo moja watu wanaiangalia mara mbili kabla ya kuimwaga.

Saa tisa na nusu tukafika. Mama alikuwa amesimama barabarani, na pembeni yake mwenye nyumba tuliyopanga, Mama Asumini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika kata nzima. Hakusubiri nimwamkie. Akafunua tenga la kwanza.

"Hee! Hawa wamepikwa tayari, bado chumvi!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baadaye. Leta gunia, lolote, haraka!"

Akafungua mfuniko wa kisima chake. Ndoo ikashuka kwa kamba ndefu, ukasikia inagonga chini, inainama, inakwangua. Akatoa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukalowanisha magunia, tukayatandika kivulini ukutani, tukawalaza kuku juu yake mmoja mmoja. Mmoja alikuwa amekufia njiani kwenye guta. Wawili walikuwa wanakata roho.

"Anakufa bure huyo!" Mama Asumini akapaza sauti. "Baba Asumini! Njoo na kisu, upesi, kabla hajawa mzoga!"

Mumewe akaja anakimbia, kanzu kaikunja, akawachinja wale wawili wakiwa bado wanapepesa macho. Ndivyo tulivyokula nyama siku tuliyohama. Mama alitafuna polepole na hakunisema. Ningependa angenisema.

Jumapili nilishinda njiani na guta, safari tatu zaidi, kuleta kabati, vitanda na vyombo. Mguu mmoja wa meza ulivunjika. Mama alipiga misumari.

Kuku thelathini na sita wakabaki hai. Jumapili hawakutaga. Jumatatu hawakutaga. Jumanne tulipata yai moja, laini kama mfuko. Mama akaniambia kuku akishtuka anafunga, anaweza kukaa wiki mbili au tatu, na huwezi kumharakisha. Ada ilikuwa inataka wiki hizohizo. Akakaa kwenye kiti, bado kimefungwa kamba za safari, akasema, "Januari imetupita, Editha. Chuo kinapokea tena Julai." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyowaambia wanafunzi kengele imegonga.

Jumatano nikarudi Masasi kwa gari la abiria kukabidhi nyumba. Nilifagia banda, nikamkabidhi mwenye nyumba funguo, nikapita kwa Mama Zaituni kumpa stakabadhi ya korosho. Aliipindua pindua.

"Debe na nusu limeniletea karatasi," akasema. "Haya, nitaiweka pamoja na cheti cha ndoa." Kisha akanishika bega. "Na chuo?"

"Julai."

"Julai si kesho. Lakini si ahera pia."

Stendi nilimkuta Baba Shazili anafuta kioo cha kenta. Nilitaka kumpita kando, nikaona aibu hiyo nayo nitaibeba mpaka lini. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakucheka. Alitoa daftari, tukaandika pamoja: lori laki na nusu, wapakiaji elfu ishirini, washushaji elfu kumi na tano, guta safari nne laki moja. Laki mbili na themanini na tano. Nikasema, bado nimepata nafuu kidogo kuliko yako.

"Andika na kuku," akasema.

Kuku tisa wanaotaga, kila mmoja elfu kumi na mbili ukimnunua. Ikafika laki tatu na tisini na tatu. Miezi sita ya chuo hatukujua tuiandike shilingi ngapi, tukaiacha.

"Ungenibeba mimi, zile korosho ungeziona saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mimi nafungua pipa mara mbili. Siku ya kupanga bei na siku ya kupakia. Watu wanapeana zawadi siku ya katikati." Akarudisha daftari mfukoni. "Wewe ulidhani nakuchunguza. Mimi nilikuwa natafuta bei."

Nyie mtakaohama, mimi nimejifunza hilo. Anayekutajia bei bila kuuliza hajapunguza gharama, ameiacha njiani mtaikuta. Mwambieni jina la kijiji, si la wilaya. Mwambieni mlango uko wapi. Mwambieni chenye pumzi na kilichotoka shambani. Muulizeni nani anapakia, nani anashusha, na akichelewa nini kinaharibika. Kama hamna subira ya maswali nusu saa, mtaipata kizuizini, na kule inauzwa ghali.

Alhamisi nikapanda tena Mnyambe, na sasa naandikia huku. Zimepita wiki tatu. Mvua ya kwanza imenyesha, visima vinalia kwa maji yanayoingia. Leo asubuhi nimeokota mayai kumi na manne, ya ganda gumu. Niliyapanga kwenye bakuli, nikayapeleka kwa Mama Asumini kulipia zile ndoo tatu za siku ile, maana nilishamuuliza bei mara mbili akanijibu maji ya siku ya kwanza hayauzwi, ya siku ya pili ndiyo yanauzwa.

Akaliangalia bakuli. "Mayai ya nini? Si ndiyo chuo chako hicho? Rudisha."

"Sasa nikulipe nini, mama?"

"Umeona mvua imenyesha na bustani yangu haina kitu. Kile kinyesi mnachokitupa nyuma ya banda, unakitupia nani?"

Kwa hiyo mchana wa leo nimechota mbolea ya kuku kwa beleshi, nikaisomba kwa ndoo, tatu kwa zile tatu za maji, hadi kwenye matuta yake ya mchicha. Alikuwa amesimama anahesabu kwa sauti. Nilipofikisha ya tatu nikaweka beleshi chini, nikajua nimemaliza.

"Endelea," akasema. "Maji mnayachota kila siku, na Julai bado mbali."